Ringi ya shokapu haibadilishi ugumu wa springi

Ukipita gereji za Ngamiani, Tanga, utasikia ushauri huu kwa wanaofunga wenyewe shokapu za kurekebisha (zile zenye springi inayokalia ringi ya kuzungushwa) kwenye vigari vidogo: kaza ringi ya chini ya springi gari liwe gumu, ilegeze liwe laini. Wengi tumeamini hivyo, na si ajabu, maana ukizungusha spana unaihisi springi ikibanwa.

Ila ugumu wa springi ya kawaida umo kwenye unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko. Ringi haigusi hata kimoja. Springi inayobonyea milimita 1 kwa kila kilo 5 itabonyea milimita 50 ikibeba kilo 250, ringi iwe juu au chini. Kinachobadilika ni kimo cha gari. Lililoshushwa mno huhisi gumu kwa sababu shokapu inafika mwisho na kugonga raba.

Futi ya fundi cherehani inatosha kuhakikisha. Egesha pasawa, pima toka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi. Zungusha ringi, teremsha gari, lisukume mbele na nyuma litulie, pima tena.

Boliti za bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari, zikazwe mwisho, gari likisimama kwa matairi yake, la sivyo bushi hubaki zimejisokota na kuchanika mapema. Kisha kapime alaimenti, kwani kimo kikibadilika, pembe za matairi nazo huhama. Na jeki peke yake haitoshi kumlinda aliye uvunguni, weka stendi.