Modeli ya mahitaji ya soko la jotoardhi majumbani ni nini?

Ukitaja jotoardhi, wengi wetu mawazo yanakimbilia Olkaria, Kenya: mvuke, mitambo, umeme. Hapa tunazungumzia kitu kipole zaidi. Mita chache chini ya uso, ardhi haijali sana kama juu kuna theluji au jua kali. Marekani, joto lake hukaa takriban kati ya nyuzi 7 na 21 za Selsiasi, kutegemea eneo. Mabomba hufukiwa humo, maji huzungushwa, na pampu ya joto iliyomo ndani ya nyumba huvuta joto hilo wakati wa baridi; wakati wa kiangazi hutoa joto la nyumbani na kulipeleka ardhini.

Swali la mfanyabiashara au serikali ni: nyumba ngapi zitafunga mfumo huu, na lini? Hesabu ya kulijibu ndiyo modeli ya mahitaji ya soko. Ni kama kuchekecha unga mara tatu. Kwanza, nyumba zipi zina uwanja wa kuchimba? Zilizobaki, kwa nani mfumo unalipa? Na hao ambao unawalipa, wangapi watanunua kweli?

Chekeche la pili ndilo lenye mambo. Tuseme mfumo unazidi bei ya tanuri la kawaida la kupasha nyumba joto kwa dola 15,000. Mwenye nyumba anayetumia gesi ya bomba ataokoa, tuseme, dola 600 kwa mwaka: pesa yake itarudi baada ya miaka 25. Jirani yake anachoma mafuta, ataokoa 2,500: miaka 6 tu. Udongo ni uleule, mchimbaji ni yuleyule. Ndiyo maana modeli ya dGeo, iliyotengenezwa na maabara ya utafiti wa nishati ya Marekani iliyoitwa NREL, haitumii wastani wa nchi nzima, bali huunda majengo mengi ya mfano, kila moja na eneo lake, nishati yake na bei zake.

Hata huyo wa miaka 6 anaweza asinunue. Tanuri lake bado zima, alitupe kwa nini? Kwa kawaida uamuzi huja kifaa kinapochakaa, au nyumba mpya inapojengwa. Halafu kuna kuigana: mtafiti wa masoko Frank Bass alionyesha mwaka 1969 kwamba bidhaa mpya hununuliwa na wachache wanaothubutu wenyewe, kisha na wengi wanaotazama waliotangulia. Mauzo hujikokota, hupaa, kisha hutulia.

Ripoti ya GeoVision ya Wizara ya Nishati ya Marekani, 2019, ilikadiria soko la kaya milioni 28 ifikapo 2050, mara 14 ya mifumo iliyokuwepo. Tarakimu tamu, ila ni ya hali ambamo teknolojia imepiga hatua kubwa na gharama zimeshuka. Gharama zikibaki pale zilipo, yule wa gesi anaendelea kusubiri miaka yake 25.