Je, wajua? Marekani, mwanafunzi aliyekosa mtihani anaweza kuishusha shule yake

Aliyezoea NECTA au KNEC hudhani Washington, yaani serikali kuu ya Marekani, nayo hutunga mtihani mmoja, huusahihisha, kisha hupanga shule kwa matokeo. Sivyo hata kidogo. Sheria ya shirikisho inakataza fedha zake kutumika kwa mtihani wa taifa wa namna hiyo, ila Bunge liruhusu waziwazi. Kila jimbo lina mitihani yake na alama yake ya kufaulu, hivyo mtoto aliyefaulu upande huu wa mpaka angeweza kufeli upande wa pili. Mtihani wa NAEP, unaolinganisha majimbo, hufanywa na sampuli tu ya wanafunzi, na hakuna mtoto anayepewa alama zake.

Nguvu ya Washington ni fedha za shule zenye watoto wengi maskini, zilizoanza kwa sheria ya 1965. Jimbo likizipokea, limepokea na masharti. Kwa sheria ya sasa, ESSA ya 2015, kusoma na hisabati hupimwa kila mwaka darasa la 3 hadi la 8, na mara moja sekondari ya juu. Walau 95% ya wanafunzi wafanye.

Wasipofika? Chukua shule yenye watahiniwa 200. Wamefanya 150, wamefaulu 120. Ukigawa kwa waliofanya, ufaulu ni 80%. Lakini sheria hugawa kwa 95% ya wote, yaani 190, au kwa idadi ya waliofanya, ipi iliyo kubwa. 120 kwa 190 ni kama 63%. Ni kama kikoba cha kukopeshana: hakipimi marejesho kwa waliokuja kikaoni. Hupima kwa wote waliokopa. Watoto kumi wa kwanza kukosekana hawadhuru kitu. Kuanzia wa kumi na moja, kila aliyebaki nyumbani anahesabiwa kama aliyefeli, na ujanja wa kuwaficha wanafunzi dhaifu siku ya mtihani hapo haulipi.

Hesabu hiyo hurudiwa kwa kila kundi, kama vile maskini, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza (wakiwemo wasemao Kiswahili waliotoka Kongo). Mgeni wa kundi hili la mwisho asiyetimiza miezi 12 katika shule za Marekani anaweza kusamehewa mtihani mmoja wa kusoma. Wa hisabati anafanya. Kundi dogo mno halihesabiwi peke yake, na udogo huo huamuliwa na jimbo.

Mzazi anayegoma mtoto wake asifanye mtihani haadhibiwi na sheria hii. Ila matokeo yanayotangazwa mara nyingi huwa ya waliofanya tu, kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na 80% na 63% mwaka uleule, zote halali.