Kuongeza kaliba kubwa kwenye cheti cha bunduki Uingereza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu mwenye bunduki ya .22 ya kuwindia sungura (namba hiyo ni kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi) akitangaza kwamba sasa anataka kuwinda kulungu, hakosi washauri. Mmoja atamwambia aombe kaliba ndogo ili asiwatishe polisi. Mwingine atamwambia ni lazima kwanza akae miaka kadhaa na ile ndogo. Wa tatu atamwambia asijisumbue na maombi, anunue mtutu tu aubadilishe. Ushauri wa namna hii huharibu maombi ambayo yangepita bila shida, na huo wa tatu unaweza kumfikisha mtu jela.

Nayoyaeleza hapa ni ya England, Welisi na Uskoti, ambako msingi ni Sheria ya Silaha za Moto ya 1968. Ireland ya Kaskazini ina sheria yake ya 2004, na utaratibu wake ni mwingine.

"Polisi hawapendi kaliba kubwa, kwa hiyo omba ndogo"

Hili ndilo linalosemwa zaidi na ndilo linalopotosha wengi. Kifungu cha 27 cha sheria hiyo kinamtaka mkuu wa polisi wa eneo aridhike na mambo machache: kwamba mwombaji anafaa kukabidhiwa silaha, kwamba sheria haimkatazi kuwa nayo, kwamba ana sababu ya msingi ya kutaka silaha anayoiomba pamoja na risasi zake, na kwamba kumruhusu hakutahatarisha usalama wa umma wala amani. Akisharidhika na hayo, sheria inamtaka atoe cheti. Hakuna mahali panapompa nafasi ya kukataa kwa kuwa tu kaliba ni kubwa kuliko anavyopenda.

Kinachoangaliwa ni kazi. Bunduki hii ni ya kuwinda nini, au kulenga shabaha wapi, na je, inafaa kwa kazi hiyo? Anayeomba .308 kwa ajili ya sungura atakataliwa, kwa sababu kazi aliyoitaja haihitaji nguvu hiyo. Anayeiomba .308 hiyohiyo kwa ajili ya kulungu wekundu, na ana shamba aliloruhusiwa kuwinda, yuko ndani ya sheria kabisa.

Sababu hiyo hupimwa kwa kila bunduki peke yake. Wengi hujikwaa hapa kwa kuwa wamezoea cheti cha bunduki za marisau, zile zinazorusha chembe nyingi ndogo kwa mara moja. Mwenye cheti cha marisau anaweza kununua ya pili na ya tatu bila kueleza ni za nini, mradi ana mahali salama pa kuziweka. Kwenye cheti cha bunduki za risasi kila moja inaandikwa kwa kaliba yake, na kila moja inadai maelezo yake. Kwamba polisi walikuamini na .22 ni jambo zuri kwa upande wa tabia yako, lakini halijibu swali la kwa nini unahitaji .308.

Basi barua ya maombi iwe na nini? Kwa maoni yangu ukurasa mmoja unatosha, ukiwa umejaa mambo ya kushikika. Eleza una ruhusa ya kuwinda wapi na umepewa na nani, ikiwezekana kwa maandishi. Taja wanyama waliopo hapo. Eleza kwa nini bunduki uliyo nayo haiwezi kazi hiyo kisheria au kiutu. Asiye na shamba anaweza kuonyesha kwamba amepanga kuwinda kwa kulipia chini ya mwongozaji. Mlenga shabaha aeleze uanachama wake katika klabu iliyoidhinishwa na serikali, na kwamba uwanja anaoutumia unaruhusu kaliba hiyo, kwa maana viwanja vingi vidogo vimewekewa kikomo cha nguvu. Anayepigia Bisley huko Surrey, ambako kuna uwanja wenye umbali wa hadi yadi 1,200, hatapata tabu kueleza kwa nini .22 haimtoshi.

Na tafadhali weka kumbukumbu za siku ulizotoka, mahali ulipokwenda, na risasi ulizonunua na kuzitumia. Mali bila daftari huisha bila habari, na sababu ya msingi nayo ni hivyohivyo: utaulizwa tena cheti kitakapohuishwa.

"Namba ikiwa kubwa, nguvu ni kubwa"

Kaliba ni upana tu. Risasi ya .22 ya kawaida, ile ya sungura, na risasi ya .223 zina kipenyo kinachokaribia kuwa sawa, kama milimita 5.7. Lakini ya kwanza hutoka kwenye mtutu na nishati ya jouli 140 hadi 190 hivi, na ya pili hutoka na jouli 1,700 hivi. Tofauti imo kwenye ganda, yaani kiasi cha baruti kinachoisukuma. Tazama pia .243 na .308. Ganda lao ni lilelile kwa asili: .243 ilitengenezwa kwa kuibana shingo ya ganda la .308 ili libebe risasi nyembamba. Ya kwanza hutoa karibu jouli 2,600, ya pili karibu 3,500.

Kwa hiyo anayesema "nataka kupanda kidogo tu, kutoka .22 hadi .223" anazungumza juu ya nguvu iliyozidi karibu mara kumi. Afisa wa leseni anajua hivyo. Mwombaji naye ajue, kwa sababu barua inayoonyesha kwamba mtu haelewi anachokiomba humvunja moyo msomaji wake kuliko kaliba yoyote.

"Kulungu ni kulungu, bunduki moja inatosha popote"

Hapa sheria ina maneno mahususi, tena hubadilika ukivuka mpaka. England na Welisi, Sheria ya Kulungu ya 1991 inakataza kuwapiga kwa bunduki yenye kaliba iliyo chini ya inchi .240, au yenye nishati chini ya futi-pauni 1,700, ambazo ni karibu jouli 2,305. Ndiyo maana .243 imekuwa ngazi ya kwanza ya wawindaji wengi: imepita mstari huo kwa unywele. Tangu 2007 wanyama wawili wadogo, muntijaki na kulungu-maji wa China, wamelegezewa masharti: kaliba isiyopungua .220, nishati isiyopungua futi-pauni 1,000, na risasi isiyopungua uzito wa greni 50, ambazo ni kama gramu 3.2.

Uskoti haipimi upana kabisa. Agizo lake la 1985 linapima kasi, nishati na uzito wa risasi. Kwa kulungu wengi risasi itoke kwa kasi ya angalau futi 2,450 kwa sekunde na nishati ya angalau futi-pauni 1,750. Uzito wa chini ulikuwa greni 100, ukashushwa hadi 80 mwaka 2023, jambo lililowafaa wanaotumia risasi za shaba, ambazo ni nyepesi kuliko za risasi-metali kwa ukubwa uleule. Kwa kulungu wa aina ya roe masharti ni mepesi zaidi: greni 50, kasi hiyohiyo, na futi-pauni 1,000.

Matokeo yake ni kwamba .223 inaweza kumwinda roe kihalali upande wa Uskoti, na mtu huyohuyo akivuka kuingia Northumberland, upande wa England, na bunduki hiyohiyo, kumpiga roe ni kosa. Huu ndio ubaya wa kuomba kaliba ndogo ili kuwaridhisha polisi. Umepewa, umefurahi, kisha unagundua kwamba mnyama uliyemtaka hukuruhusiwa kumgusa. Na hata pale sheria inaporuhusu kiwango cha chini, mnyama anastahili kufa mara moja. Kumjeruhi akatokomea msituni kwa sababu mwindaji aliona aibu kuomba kinachostahili ni jambo ninaloliona baya sana.

Jambo moja dogo hapohapo: bado wapo wanaodai kwamba risasi za kutanuka, zile zinazotakiwa kwa kulungu, zinahitaji kibali cha pekee kama silaha zilizopigwa marufuku. Kwa bunduki ndefu hilo liliondolewa mwaka 2017.

"Kaliba ndogo ni salama, kubwa ni hatari"

Risasi ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na kuua mtu mwishoni mwa safari hiyo. Ya .308 inaweza kukaribia kilomita 4. Katika nchi yenye vijiji, njia za wapita kwa miguu na barabara kila upande, umbali wote huo ni mrefu mno. Usalama hautoki kwenye kaliba. Unatoka kwenye udongo ulio nyuma ya mnyama: mteremko, ukingo, ardhi laini itakayoipokea risasi na kuizika. Pasipokuwa na udongo huo, usipige, hata kwa .22.

Tena .22 ina tabia yake mbaya. Risasi yake ni ya risasi-metali tupu, nzito kwa kasi yake ndogo, na ikigonga jiwe, ardhi iliyokauka au maji hudunda na kuendelea na safari kwa mwelekeo usiotabirika. Risasi nyepesi zenye kasi kubwa huelekea kuvunjikavunjika zinapogonga kitu kigumu. Sisemi kwamba haziwezi kudunda. Nasema kwamba aliyejifunza kuwinda kwa .22 na hajawahi kufikiria kinachotokea nyuma ya sungura, hajawa salama kwa kuwa tu bunduki yake ni ndogo.

Polisi huangalia ardhi kwa sababu hiyo. Vyeti vingi vipya hubeba sharti kwamba bunduki itumike tu kwenye ardhi ambayo mkuu wa polisi wa eneo husika ameiona inafaa. Mwindaji akishapata uzoefu anaweza kuomba sharti hilo liondolewe, na hapo uamuzi wa ardhi huwa wake mwenyewe. Ni mzigo mkubwa zaidi, si uhuru tu. Unapoomba kaliba mpya, ukichora ramani ndogo ya shamba yenye miteremko, nyumba na njia za watu, na kuonyesha utakapokaa na utakakoelekeza mtutu, umejibu swali kabla halijaulizwa.

"Nabadilisha mtutu tu, bunduki ni ileile"

Hapana. Kisheria mtutu ni sehemu ya msingi ya silaha, sawa na bolti na mwili wa bunduki, na unatakiwa uwe umeruhusiwa kwenye cheti kama bunduki nzima. Vivyo hivyo kununua bunduki kwanza kisha kuomba ruhusa baadaye: kuwa na silaha ya moto isiyoruhusiwa kwenye cheti chako ni kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Muuzaji mwenye leseni anaweza kukuwekea bunduki dukani ukiwa umelipa malipo ya awali. Ikae hukohuko mpaka cheti kirudi.

"Bila kozi au mshauri hawakupi"

Sheria haitaji kozi yoyote wala miaka ya kukaa na kaliba ndogo. Cheti cha kwanza cha uwindaji wa kulungu, ambacho wengi hukipata kwa mafunzo ya siku chache, si sharti la kisheria. Hata hivyo ningemshauri kila mwanzilishi akifanye, kwa sababu hufundisha hasa yale polisi wanayotaka kujua kuhusu wewe: kutambua mnyama, kuchagua pigo, kuangalia ardhi.

Wanaouliza "nitapataje uzoefu wa kaliba kubwa nami sinayo?" wana jibu pia. Sheria inaruhusu kuazima bunduki na kuitumia kwenye ardhi ya mtu binafsi, mbele ya mwenye cheti anayeiazimisha, kwa masharti yaliyowekwa. Siku chache za namna hiyo, zikithibitishwa kwa barua ya aliyekuwa nawe, zina uzito.

"Kubwa kabisa zilishapigwa marufuku"

Kilichopigwa marufuku baada ya mauaji ya mjini Hungerford, England, ya 1987 ni hasa bunduki za risasi zinazojikoki zenyewe, isipokuwa zile za .22 ya kawaida. Sheria ya 1988 ilihusu namna bunduki inavyofanya kazi, haikuweka mpaka wa kaliba. Baadaye, katika muswada uliozaa sheria ya 2019, serikali ilipendekeza kuzipiga marufuku bunduki zenye nishati ya zaidi ya jouli 13,600, lakini pendekezo hilo liliondolewa. Mwindaji wa kulungu hafiki hata nusu ya kiwango hicho.

"Ni gharama kubwa, na ukikataliwa umekwisha"

Tangu Februari 2025 ada ya kuongeza bunduki kwenye cheti ni pauni 47. Hulipwa pale idadi inapoongezeka. Ukitoa bunduki moja na kuweka nyingine mahali pake, au ukiunganisha ombi na kuhuisha cheti, ada hiyo hailipwi. Kuhuisha kwenyewe ni pauni 131, kila baada ya miaka 5, kwa hiyo aliyebakiza miezi michache afikirie kusubiri.

Ukikataliwa, una siku 21 za kukata rufaa: mahakama ya Crown kwa England na Welisi, mahakama ya sherifu kwa Uskoti. Kabla ya kufika huko, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi, kama vile ruhusa ya shamba iliyopitwa na wakati au maelezo yasiyotaja mnyama.

Cheti kikirudi, soma masharti kabla ya kwenda dukani. Kama kimeandika kulungu peke yake, kumpiga mbweha kwa bunduki hiyo ni kuvunja sharti, na kuvunja sharti ni kosa la jinai. Omba mapema maneno yanayojumuisha mnyama mwingine yeyote anayewindwa kihalali. Angalia pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua kwa mara moja na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo, kwa kuwa ni namba mbili tofauti. Ukishanunua bunduki, una siku 7 za kuwajulisha polisi.