Luanda Magere na Kivuli Chake: Namna ya Kusoma Hadithi za Kubuni

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Kisumu atakutajia ploti, mandhari, wahusika, dhamira na mtindo bila kusita. Muulize kwa nini mwandishi amemuua mhusika fulani katikati ya riwaya badala ya mwishoni, naye anakimbilia mwongozo. Istilahi anazo, ila amezikariri tu. Hilo linatusikitisha sisi tunaofundisha fasihi, kwa sababu kila istilahi kati ya hizo ni uamuzi wa msimulizi. Angeamua vingine, tungekuwa na hadithi nyingine.

Tuchukue mighani, yaani hadithi ya shujaa wa jadi, ambayo watoto wengi wa nyanda za Kano, karibu na Kisumu, huisikia kabla ya kuanza shule. Luanda Magere alikuwa shujaa wa Waluo, mwili wake mgumu kama jiwe; mikuki ya Wanandi ilimgonga ikaanguka. Wanandi waliposhindwa vitani walimletea binti mrembo awe mke wake. Wazee wakamwonya Luanda asimkubali. Akamwoa. Siku moja akaugua, akamtaka mke huyo amchanje ili atie dawa, lakini kisu hakikupenya ngozi. Ndipo akamwambia achanje kivuli. Akachanja, damu ikatoka. Binti akatoroka na siri hiyo kwao, na vita vilipozuka tena, mpiganaji wa Kinandi akakichoma kivuli mkuki. Luanda akaanguka, akawa jiwe. Jiwe linaloaminika kuwa ndilo huonyeshwa wageni hadi leo.

Ukisema “alioa, akaugua, akafa,” umetaja matukio tu. Ploti huanza unapoyaunganisha kwa sababu: alikufa kwa kuwa siri ilitoka, siri ilitoka kwa kuwa aliugua, na aliyekuwa kando ya kitanda chake alikuwa binti wa adui kwa kuwa alipuuza wazee. Uondoe ugonjwa, kila kitu kinakwama. Lile onyo la wazee nalo limewekwa mapema makusudi. Tangu hapo msikilizaji hamwamini binti yule hata akileta maji ya kunywa, na hiyo ndiyo taharuki. Wengi husema kilele ni mkuki wa mwisho. Mimi nasema ni ile damu inayotoka kwenye kivuli, maana baada ya hapo hakuna linaloweza kumwokoa Luanda.

Mandhari huandikwa mtihanini kwa sentensi moja, “hadithi inatokea Kano,” kisha mwanafunzi anaendelea. Simama Ahero, mji ulio katika nyanda hizo, mchana, tazama upande wa kaskazini uone milima ya Nandi ilivyoinuka juu ya tambarare. Majirani wawili wenye mifugo, mmoja juu na mwingine chini: chanzo cha ugomvi kiko machoni pako. Halafu kuna jua. Shujaa anayeuawa kupitia kivuli chake lazima apigane mchana peupe. Katika vita vya usiku wa giza siri ile isingewafaa kitu.

Shujaa mwenye udhaifu mmoja uliofichwa tunamjua pia kutoka pwani. Fumo Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe. Kote kuwili anayesababisha kifo cha shujaa ni mtu wa nyumbani. Kwa hiyo unapotaja sifa za mhusika, usiishie kwenye “jasiri.” Luanda ni jasiri, ndiyo, lakini ni mtu anayeambiwa na wazee wake akakataa kusikia, na tendo hilo ndilo ushahidi wako.

Jambo ninalotaka tukae nalo zaidi ni msimulizi. Ikisimuliwa Kano, binti yule ni msaliti, na mara nyingi hapewi hata jina. Ipandishe hadithi hiyohiyo hadi Nandi: sasa ni shujaa aliyejitoa kuishi peke yake katika boma la adui. Kisha mpe yeye mwenyewe nafsi ya kwanza: “Nilishika kisu. Mume wangu alikuwa akitetemeka kwa homa, na kivuli chake kilikuwa kimelala karibu na mguu wangu.” Matukio hayajabadilika hata kidogo, lakini umeanza kujiuliza kama alimpenda. Ndiyo maana ni kosa kubwa kuandika “mwandishi alilelewa na nyanya yake” wakati anayesema ni mhusika. Mwandishi amemchagua mhusika huyo aseme, na amechagua pia asiyoyajua.

Dhamira nayo hufuata hapo. “Usaliti” ni maudhui, yaani jambo linalozungumziwa. Dhamira ni kile hadithi inachokusudia kutuambia kuhusu jambo hilo. Msimulizi wa Kano anaonya kwamba siri ya uhai haitolewi kwa mgeni. Binti akisimulia, tunaweza kusikia kwamba wanaume wa pande zote mbili walimtumia vitani bila kumuuliza. Kuhusu mtindo niguse kinaya tu, yaani jambo kugeuka kinyume cha lilivyotarajiwa: mtu ambaye mwili wake wa jiwe ulimlinda maishani anaishia kuwa jiwe kweli.

Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ina alama 80, na swali la kuweka dondoo (maneno yaliyonukuliwa kitabuni) katika muktadha halikosi kuwatia hofu watahiniwa. Wazazi na walimu, wapeni watoto zoezi hili kabla ya kuwanunulia mwongozo mwingine. Wachague ukurasa mmoja wa riwaya teule, wauandike upya kwa mdomo wa mhusika aliyeumizwa hapo. Kisha walinganishe na ukurasa wa mwandishi. Yale waliyolazimika kuyaacha kwa kuwa mhusika wao hakuyajua ndiyo jibu la swali la usimulizi, na wataliandika kwa maneno yao wenyewe.