Pending Train: yanayosemwa na yalivyo

Kituo cha TBS cha Japani kilirusha tamthilia ya Pending Train kila Ijumaa saa nne usiku, kuanzia Aprili 21 hadi Juni 23, 2023. Behewa la treni ya asubuhi linatupwa takriban miaka 37 mbele pamoja na abiria 68, katikati ya nyika isiyo na mtu. Asiyetaka kujua mwisho wake aishie hapa.

“Ni kazi ya Netflix, msimu wa pili uko njiani.” Netflix ni msambazaji tu. Tamthilia nyingi za Japani huandikwa ziishe ndani ya miezi mitatu, na hii ilikamilika kwa sehemu 10. Haikutolewa kwenye manga (vibonzo vya Kijapani) pia. Mswada ni wa Arisa Kaneko.

“Si wamo ndani ya treni? Basi umeme wanao.” Hili husemwa hata na wanaopanda treni kila siku. Treni ya umeme kama hii haibebi nguvu yake. Huichukua kwenye waya wa juu kwa mkono wa chuma ulio kwenye paa, na mkondo hurudi kupitia reli. Waya ukikosekana, mota na viyoyozi huzima papo hapo. Inayobaki ni betri ya dharura, iliyopimwa kutosha taa chache na mawasiliano mpaka waokoaji wafike. Wakianza kuchajia simu zao, wajiandae kulala gizani.

Na hata jenereta ingepatikana, ingewashinda kwa wingi wa volti zinazotakiwa. Reli inayotumika kwenye tamthilia ni ya kweli, Tsukuba Express, yenye kilomita 58.3. Kutoka Akihabara hadi Moriya waya una volti 1,500 za mkondo mnyoofu (DC). Kutoka hapo hadi Tsukuba ni volti 20,000 za mkondo geu (AC), kwa sababu mkondo mnyoofu unaovuja ardhini ungevuruga vipimo vya kituo cha usumaku wa dunia cha Kakioka. Isitoshe, treni hiyo ina mabehewa 6, na vyumba vya dereva viko la 1 na la 6. Mashujaa wetu wamo la 5. Hawana hata usukani wa kugombania.

Milango, kwa upande mwingine, haihitaji kuvunjwa. Kuna mpini wa dharura: ukivutwa, mlango huachia na kusukumwa kwa mikono. Hatari iko kwenye kushuka. Sakafu iko zaidi ya mita moja juu ya reli, na hapo hakuna jukwaa. Anayeruka huweza kuumia kifundo cha mguu. Afadhali akae ukingoni kwanza, ajishushe, kisha awapokee wengine.

“Maji ya mto yakiwa maangavu yananyweka.” Macho hayaoni vijidudu. Yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemke kwa kutokota dakika moja kamili. Kwa lita 3 kwa mtu, watu 68 wanahitaji lita 204 kwa siku, yaani zaidi ya madumu 10 ya lita 20. Ndiyo maana ugomvi wa maji kwenye behewa haujatiwa chumvi.

“Miaka 37 haitoshi mji kumezwa na msitu.” Nusu ya hoja hii ni sahihi. Pripyat, mji wa Ukraine, ilihamwa mwaka 1986 baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl, na kufikia 2023 miti ilikuwa imefunika barabara zake, ila maghorofa ya zege bado yalisimama. Msitu wa tamthilia unaaminika. Uchache wa magofu ndio unaohitaji janga kubwa, na hadithi inalo: kimondo.

“Kwenda wakati ujao ni uchawi mtupu.” Kwenda mbele kunakubalika katika fizikia. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizungusha saa za atomi duniani kwa ndege za abiria. Zilizokwenda mashariki zilichelewa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 59 hivi nyuma ya saa zilizobaki ardhini, yaani zilifika mbele kidogo ya muda wao wenyewe. Ni kidogo mno, lakini kilipimwa. Kigumu ni kurudi nyuma, na hapo waandishi wamejipa ruhusa bila kuomba.

“Mapenzi yamebandikwa tu.” Kaneko ndiye aliyeandika mswada wa filamu ya Train Man (2005), ambayo nayo ni mapenzi yanayoanzia kwenye treni. Mwalimu Hatano kati ya mzimamoto Shirahama na mtengeneza nywele Kayashima ndio uti wa hadithi. Kinacholegea ni sayansi.

“Waliporudi, yakaisha.” Hawarudi siku waliyoondoka. Wanatua Mei 2026, na kimondo kinatarajiwa Desemba. Kwa nini wasikirushie chombo? Chombo cha DART cha NASA, cha kujaribu kusukuma kimondo, kiliondoka Novemba 2021 na kugonga kimondo kidogo cha Dimorphos Septemba 2022, yaani miezi 10 ya safari peke yake, baada ya matayarisho ya miaka. Tena msukumo wenyewe ni mdogo, hivyo lazima utangulie mapema mno ndipo njia ya kimondo ipinde vya kutosha. Miezi saba haifiki. Kilichobaki kwa abiria hao ni kuwashawishi watu wajiandae, nao wanatazamwa kama matapeli.