Royal Crescent ya Bath: mbele kasri, nyuma kila mtu na lake

Ukisimama kwenye majani mbele ya Royal Crescent, mjini Bath, Uingereza, utaapa unatazama kasri moja lililopindwa mfano wa hilali. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Haya ni baadhi ya madai yao, na ukweli wake.

"Ni jengo moja, la mjenzi mmoja."
Ni nyumba 30, zilizojengwa kati ya 1767 na 1774. Msanifu majengo John Wood Mdogo alichora uso wake: jiwe la Bath la rangi ya asali na nguzo 114, zinazoanzia juu ya ghorofa ya chini. Mnunuzi alichukua kipande cha uso huo, kisha akamweka fundi wake ajenge nyuma yake kwa namna aitakayo. Zunguka nyuma ujionee: paa zinapishana kimo, madirisha hayalingani, nyumba hii imetokeza, ile imerudi ndani. Mimi naupenda upande huo zaidi, maana huko mwenye nyumba hakulazimika kufanana na jirani.

"Ilijengwa kwa ajili ya mfalme."
La. Iliitwa Crescent tu. "Royal", yaani "ya kifalme", ilikuja baadaye, baada ya Prince Frederick, Duke wa York na mwana wa mfalme, kukaa pale.

"Dirisha lililozibwa kwenye nyumba za zama hizo ni ushahidi wa kodi."
Kodi ya madirisha ilikuwepo kweli, tangu 1696 hadi 1851, na wapo walioziba ili waikwepe. Lakini mafundi wa wakati ule walipenda ulinganifu kupita kiasi. Mahali ambapo ndani pana dohani au ukuta wa kugawa vyumba, walichonga dirisha bandia ili safu isiharibike. Dirisha la namna hiyo halikuwahi kupitisha mwanga hata siku moja.

"Sheria inalinda uso tu", au "huruhusiwi kugusa chochote."
Zote mbili si kweli. Nyumba hizi zimo kwenye orodha ya urithi, daraja la juu kabisa, na ulinzi unaingia hadi ndani: ngazi, meko, mapambo ya dari. Kubadilisha unaweza, ila kwa kibali. Ukibomoa bila kibali ni kosa la jinai. Hata rangi huzua kesi. Miaka ya 1970 mkazi wa namba 22 aliupaka mlango wake njano katikati ya milango myeupe. Halmashauri ikamtaka aurudishe kuwa mweupe, akagoma, shauri likapanda hadi kwa waziri. Mlango ukabaki wa njano.