Vigawo tasa: 5895 imejengwa na nini?

Hapa Moshi namba 5895 haihitaji kutambulishwa. Imechapwa kwenye fulana wanazouziwa watalii, na mtoto wa shule ya msingi anaitaja bila kufikiri: mita 5895, kilele cha Uhuru kwenye Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Mlima Kilimanjaro. Lakini tumezoea kuitaja tu, hatuifungui.

Kuifungua ni kuivunja mpaka zibaki namba tasa peke yake, yaani zile zisizogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama 2, 3, 5, 7 na 11. Hizo ndizo vigawo tasa vyake.

Inaishia na 5, basi tuigawe kwa 5: tunapata 1179. Jumlisha tarakimu zake: 1 + 1 + 7 + 9 = 18. Kwa kuwa 18 inagawanyika kwa 9, 1179 nayo inagawanyika kwa 9. Wengi tulikaririshwa kanuni hii bila sababu, na sababu yenyewe ni nzuri mno kuachwa. 1000 ni 999 na 1. 100 ni 99 na 1. 10 ni 9 na 1. Hizo 999, 99 na 9 zote zinagawanyika kwa 9, kwa hiyo ziweke kando. Kinachobaki kwa kila tarakimu ni tarakimu yenyewe, na jumla ya mabaki hayo ndiyo inayoamua.

1179 ÷ 9 = 131. Je, 131 inavunjika? Jaribu 2, 3, 5, 7 na 11. Zote zinaacha baki. Ukifika 13 simama, maana 13 × 13 ni 169, imeshaipita 131. Kigawo kikubwa zaidi kingekuwa na mwenzake mdogo, na huyo tungeshamwona. 131 ni tasa.

Basi 5895 = 3 × 3 × 5 × 131. Ungeanza na 3 badala ya 5, ungefika palepale: kila namba nzima inayozidi 1 ina mkusanyiko mmoja tu wa namba tasa unaoijenga. Humo unapata hata idadi ya vigawo vyote. 3 unaweza kuiacha, kuitumia mara moja au mara mbili, njia 3. 5 njia 2. 131 njia 2. Zidisha: vigawo 12. Pima mlima huohuo kwa sentimita, 589,500, zinaongezeka 2 mbili na 5 mbili, na vigawo vinakuwa 72. Kibo kingezidi mita 2 tu, tungepata 5897, ambayo ni tasa, haivunjiki kabisa.

Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Mawenzi, kilele jirani cha Kilimanjaro, alikuwa akienda kwa Kibo kuomba moto. Mawenzi ana mita 5149, yaani 19 × 271. Linganisha na vya Kibo: hakuna kigawo tasa hata kimoja wanachoshirikiana, na KKS yao, yaani kigawo kikubwa cha shirika, ni 1.